Jeshi baada ya Kidato cha Sita: ajira au wito?

Wengi wetu tulipomaliza Kidato cha Sita tulikwenda JKT kwa mujibu wa sheria. Huko tuliwasikia wenzetu wakisema, "Nikipata nafasi nabaki jeshini, mtaani hakuna ajira." Kutafuta riziki si dhambi. Lakini Mtakatifu Thoma wa Akwino anadai mambo matatu ili vita iwe ya haki: mamlaka halali, sababu ya haki na nia njema. Mawili ya kwanza huamuliwa na wakubwa. Nia ni ya askari mwenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano (Gaudium et Spes, 79) unamwita askari mtumishi wa usalama wa watu, tena unawasifu wanaopinga amri ovu. Aliyefuata mshahara tu, atathubutu kuikataa? Tujiulize kabla ya kujaza fomu.