Je, Maji Husafisha Moshi?

Kiko cha maji si kigeni kwetu pwani. Wazee walitia maji ndani ya kifuu cha nazi. Juu wakasimamisha mti uitwao digali, na juu ya digali bori la tumbaku. Siku hizi mjini chombo ni cha kioo, na jina lake shisha.

Mwaka 2015 nilikwenda Kariakoo kununua vitenge Mtaa wa Kongo. Jioni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, akanipeleka wanapovuta shisha. Nikakuta wanawake tele! Akaniambia, "Vuta tu dada, maji yanachuja sumu yote." Nikavuta. Tamu kweli, siwafichi. Baadaye kichwa kikagonga, miguu ikalegea, nikatapika.

Niliporudi nikamwuliza mganga wa zahanati yetu. Akasema maji hupoza moshi tu, hayausafishi. Sumu ya tumbaku hupita. Tena juu ya tumbaku huwekwa kaa la moto. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa, mlango umefungwa. Mama mjamzito akiivuta, humfikia na mtoto tumboni.

Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku shisha Dar es Salaam. Kenya ikafuata mwaka 2017.

Jioni ile mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Mimi nilijua, nikanyamaza.

Jadilianeni: wewe ungemwambiaje?