Ndege Haianzii Uwanjani: Kuhesabu Safari Yako Kutoka Uvira

Usiku ukisimama ufukweni Uvira, taa za Bujumbura unaziona ng'ambo ya ziwa. Mchana, anga ikiwa safi, unaiona hata ndege inavyoshuka. Kwa mstari ulionyooka miji hii miwili imeachana kilomita 25 hivi, na Uwanja wa Melchior Ndadaye uko upande wa Gatumba, kwa hiyo uko karibu nasi kuliko katikati ya Bujumbura. Ukaribu huo umewaponza wengi: mtu anaiona ndege yake ikipaa, naye bado yuko kwenye foleni ya mpakani Kavimvira, pasi mkononi.

Mstari ulionyooka ni wa ndege. Wewe unapita barabarani, unazunguka kichwa cha ziwa, unavuka mto Ruzizi. Na barabara hiyo hubadilika. Miaka ya karibuni ziwa limepanda hadi likafunika sehemu za Gatumba, na mafuriko ya Aprili 2020 yaliharibu madaraja hapa hapa Uvira. Kabla ya kufunga mizigo, muulize dereva aliyepita leo. Aliyepita wiki jana hakusaidii.

Sasa angani. Bujumbura hadi Nairobi ni kama kilomita 870. Ndege kubwa ya abiria ikishafika juu hukimbia kilomita 800 kwa saa, lakini kupanda na kushuka huenda polepole, basi weka saa moja na nusu hivi. Ukigawa 870 kwa 800 peke yake utajidanganya.

Tiketi nayo ina mtego wake. Huandika saa ya kila mji kama inavyosomeka hukohuko. Sisi na Burundi tuko saa moja nyuma ya Kenya. Ndege ikiondoka 14:00 na kutua 16:30, usidhani umekaa angani saa mbili na nusu, toa moja. Ukirudi, mambo yanageuka: utaona kama ndege imeruka nusu saa tu. Kinshasa iko saa moja nyuma yetu, ingawa nchi ni moja. Mwenye kumpigia ndugu wa Kinshasa asubuhi na mapema analijua hilo, maana amekwisha kumwamsha mara nyingi.

Hesabu kwa kurudi nyuma. Ndege ni ya 14:00? Kwa safari ya nje ya nchi, fika uwanjani 11:00. Toa muda wa barabara, halafu muda wa bariera zote mbili: ya kwetu, yaani uhamiaji (DGM) na kadi ya homa ya manjano, kisha ya Burundi. Hapo wapo wanaopita kwa dakika chache, wapo wanaokaa saa nyingi. Sisi tunashauri uweke saa mbili. Ukitoka nyumbani 07:30 hutajuta. Ndege ya alfajiri, lala Bujumbura.

Njia nyingine ya zamani ilikuwa kupanda hadi uwanja wa ndege wa Kavumu, ng'ambo ya Bukavu. Kutoka Uvira hadi Bukavu, mstari ulionyooka ni kilomita 100 na kitu, lakini barabara inapita Kamanyola na makona ya Ngomo, na mvua ikinyesha hapo kilomita hazina maana. Mapigano yalipofika Kavumu Februari 2025, ndege za kawaida za abiria zilisimama. Kwa hiyo usilipe tiketi yoyote kabla hujauliza maswali mawili: uwanja unafanya kazi? Bariera iko wazi?