Feza za michezo shuleni: transhi ya kwanza ndiyo ya hatari

Mipira haidumu Bunia. Viwanja vya shule nyingi ni udongo mwekundu wenye changarawe, na mpira wa bei rahisi unachubuka kabla ya muhula kwisha. Kwa hiyo prefe au mwalimu wa michezo anayetaka kugawa feza aanzie stoo. Ahesabu mipira inayoshika hewa, jezi zisizochanika, wavu, pampu, filimbi. Shule inaweza kununua pampu ya tatu huku timu ya voliboli ya wasichana ikicheza bila wavu, kwa sababu tu hakuna aliyefungua kabati.

Jambo la pili ni wakati, na hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Shule za sekondari zinapata michango ya wazazi kwa transhi, si kwa mkupuo. Mwaka unaanza Septemba, na mpira wa miguu wa wavulana huwahi kuomba. Ukiwapa kila walichoomba, transhi ya kwanza imekwisha. Timu zinazoanza baadaye zitaambiwa zisubiri, na kusubiri huko kutafika Juni. Dawa yake: amueni sehemu ya kila timu kabla feza haijaingia, kisha kila transhi igawanywe kwa sehemu zilezile, hata ikiwa ndogo.

Sehemu hizo zitoke wapi? Kugawa sawasawa kunapendeza masikioni, lakini timu ya watu 12 na ya watu 22 hazina mahitaji sawa. Tuseme mnatarajia dola 400 kwa mwaka (hesabu kwa dola, maana bei ya vifaa inafuata dola hata ukilipa franga). Wekeni 60 za akiba. Toeni 40 za vitu vya wote: sanduku la dawa, filimbi, pampu. Zinabaki 300. Kwanza kila timu ipate kile ambacho bila hicho haichezi, yaani mpira au wavu. Tuseme jumla ni 140. Zile 160 zilizobaki gawanyeni kwa kichwa. Wachezaji wakiwa 80, kila mmoja anabeba dola 2: mpira wa miguu wa wavulana 22 unapata 44, wa wasichana 18 unapata 36, timu mbili za voliboli zenye watu 12 kila moja zinapata 24 na 24, nzango yenye wasichana 16 inapata 32.

Nzango ndiyo inayosahauliwa zaidi, eti haihitaji kitu. Ni kweli haina mpira wala wavu. Wasichana wanaruka, wanapiga makofi na kurusha miguu. Lakini mchezo huu ulionyeshwa kwenye Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 2015, kwa hiyo si mchezo wa kujaza nafasi wakati wavulana wanapumzika. Sare na viatu vinawagharimu wasichana hao kama wengine.

Nauli msiiweke ndani ya sehemu ya timu. Mkoa wetu wa Ituri uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na safari ya mechi inaweza kuahirishwa asubuhi ileile kwa sababu ya hali ya usalama barabarani. Nauli itoke kwenye akiba, kwa mechi iliyothibitishwa, na timu ya wasichana isipangiwe mechi ya mwisho ya siku ikarudi usiku.

Shule za msingi za serikali zina ugumu mwingine: elimu ilitangazwa bure Septemba 2019, kwa hiyo msibuni mchango wa michezo kupitia mlango wa nyuma. Huko gaweni muda wa uwanja na vifaa vilivyopo kwa kanuni hiyohiyo.

Mwisho, bandikeni karatasi yenye sehemu za kila timu ukutani, ikiwa na sahihi za prefe, mwakilishi wa kamati ya wazazi na manahodha wote, wa kike na wa kiume. Nahodha asiyeweza kusoma sehemu ya timu yake ana haki ya kukataa kusaini.