Aliyeondolewa Arudi au Asirudi? Mafunzo Niliyopata Kilwa Kivinje

1. Kumtoa mtu ni nusu ya kazi

Nilikuwa kwenye kamati ya usimamizi ya chama cha msingi cha ufuta, ambacho sitakitaja jina. Bibi mmoja alisimama mkutanoni na karatasi mbili mkononi: ya mizani yetu na ya ghala kuu. Gunia lilelile, uzito mbalimbali, na siku zote aliyepunjika ni yeye. Karani akatolewa, watu wakapiga makofi. Msimu uliofuata nikamkuta kijiji cha pili, kakaa nyuma ya mizani, kalamu sikioni. Akaniamkia kwa adabu zote, "Shikamoo mzee." Wenyeji wake hawakuwa na kosa. Muhtasari wetu ulisema "ameacha kazi" basi.

2. Kosa lisipoandikwa, halimfuati mtu

Serikalini ni hivyo hivyo. Redioni tunasikia uteuzi umetenguliwa na mhusika "atapangiwa kazi nyingine", tunabaki kukisia. Mbunge wa Mtama hapa mkoani kwetu Lindi, Nape Nnauye, alitolewa uwaziri Machi 2017, akarudi Januari 2022, akatolewa tena Julai 2024. Alistahili kurudi? Alistahili kutolewa? Barazani kila mtu ana jibu lake. Utenguzi usio na sababu humbeba mkosaji na humchafua asiye na kosa, vyote kwa pamoja.

3. Kuwajibika si kukutwa na hatia

Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wanaotaka kila aliyewahi kung'oka afungiwe maisha. Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu Uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa sababu ya mauaji ya Shinyanga, yaliyofanywa na watu walio chini yake. Kwa sheria ya wenzangu hao, tusingempata Rais wa mwaka 1985. Edward Lowassa naye aliacha Uwaziri Mkuu Februari 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, hakupandishwa kizimbani kwa jambo hilo, na mwaka 2015 Watanzania zaidi ya milioni 6 wakampigia kura ya urais. Ukimwadhibu anayejiuzulu sawasawa na aliyethibitika kuiba, nani atajiuzulu tena?

4. Mlango ufungwe kwa sheria

Kenya wameandika. Ibara ya 75 ya Katiba yao ya 2010 inasema aliyeondolewa kwa kuvunja maadili ya uongozi hana ruhusa ya kushika wadhifa mwingine wa dola. Mike Sonko aliondolewa ugavana wa Nairobi Desemba 2020. Mashtaka yakasomwa, Seneti ikamsikiliza, ikapiga kura. Mwaka 2022 akaja Mombasa kuutaka ugavana wa huko. Mahakama ya Juu ikaikataa rufaa yake Julai, safari ikaishia hapo. Mimi nauona ni utaratibu wa haki: alijua kosa lake na alipata pa kulalamika.

Kwetu Tanzania, Ibara ya 46A ya Katiba humnyima pensheni Rais atakayeondolewa na Bunge, na Ibara ya 67 humzuia kugombea ubunge aliyefungwa karibuni kwa utovu wa uaminifu. Maana yake, mpaka ufungwe. Kutumbuliwa peke yake hakuzuii kitu.

5. Tazama nani anayeondoa

Wareno walimng'oa mtawala Amir Ibrahim hapo Kilwa Kisiwani mwaka 1505, wakamweka Muhammad Arcone wamtakaye. Kufikia walipohama mwaka 1512, Ibrahim alikuwa amerudi kitini. Aliyeondolewa kwa matakwa ya mwenye nguvu hakuhukumiwa na mtu, na wala asifungiwe mlango.

6. Tuanzie kwetu

Bunge lina kazi yake. Wanaushirika wenzangu, kwenye mkutano mkuu ujao, kabla hamjanyosha mikono kumthibitisha karani mpya, ombeni barua ya chama alichotoka, isomwe kwa sauti, na sababu ya kuondoka kwake iwe imeandikwa humo. Asiye na barua asikabidhiwe mizani.