Demani na Joshi: Kamba za Tanga na Suala la Polisemi

Makala haya yanachunguza istilahi mbili za ubaharia wa Waswahili, demani na joshi, kwa madhumuni ya kuonyesha jinsi jina la kifaa linavyoweza kupanuka kimaana. Wanafunzi wengi hukutana na maneno haya katika fasihi ya pwani, wakayafasiri yote mawili kuwa “kamba ya tanga”, kisha wakaendelea na usomaji. Fasiri hiyo si ya uongo, ila inaficha mengi.

Tanga la jahazi lina umbo linalokaribia pembetatu, na hufungwa kwenye mti mrefu uitwao foromali. Foromali hupandishwa mlingotini kwa henza na jarari. Tanga likishatwekwa, pembe zake za chini huhitaji kudhibitiwa. Pembe ya mbele hushikwa na joshi, kwa upande unakotoka upepo. Pembe ya nyuma hushikwa na demani, ambayo huvutwa kuelekea tezi kwa upande wa pili, yaani unakoelekea upepo.

Demani ndiyo hasa inayolipa tanga umbo lake. Ikikazwa, tanga hupungua tumbo na kusogea karibu na chombo, hata jahazi likaweza kwenda kwa kubisha, yaani kuukabili upepo kwa mshazari. Ikilegezwa, tanga hufura na kufunguka, jambo linalofaa upepo unapotoka tezini. Aidha, upepo mkali ukizuka ghafla, demani hufunguliwa ili tanga lipoteze nguvu kabla chombo hakijapinduka. Ndiyo maana nahodha haamuru tu, “Legeza kamba!” Baharia akikosea akafungua jarari, foromali itawaporomokea watu vichwani. Hapa usahihi wa istilahi ni suala la uhai.

Kutokana na kazi hizo, majina ya kamba yamekuwa majina ya pande. Upande wa joshi ni ule unakotoka upepo. Upande wa demani ni ule unakoelekea. Yafaa ikumbukwe kwamba pande hizi si sawa na kulia na kushoto, kwani hubadilishana kila chombo kinapopinduliwa ili kuupokea upepo kwa ubavu mwingine. Vivyo hivyo, kupindua kwa joshi ni kugeuza chombo omo ikiukata upepo, ilhali kupindua kwa demani ni kukigeuza tezi ikiupitia upepo.

Tatizo la kiisimu linazuka hapa. Demani vilevile ni msimu wa upepo mwanana, takriban kutoka mwisho wa Agosti hadi Novemba, kusi inapokwisha na kabla kaskazi haijashika. Je, neno hili ni polisemi au ni homonimu? Baina ya kamba na upande, uhusiano wa kimaana uko wazi: upande umeitwa kwa jina la kamba iliyoko huko. Hiyo ni polisemi. Baina ya kamba na msimu, uhusiano wa aina hiyo hauonekani, na kufanana kwa umbo pekee si ushahidi wa asili moja. Ni salama zaidi kuyachukulia kuwa maneno mawili. Kwa hivyo, “tutasafiri demani” ni kauli ya wakati, “kisiwa kiko upande wa demani” ni ya mahali, na “vuta demani” ni amri ya kazi. Msomaji asiyezitofautisha atapotosha maana ya matini nzima.

Leo majahazi mengi yamefungwa injini, na vijana wanaoshika demani wanapungua. Inapendekezwa kwamba mwanafunzi wa leksikografia afikapo Lamu, Mombasa au Vanga asitosheke kuwauliza manahodha jina la kamba. Aulize imefungwa wapi, huvutwa lini, na ikiachiwa hutokea nini. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Maana za maneno nazo zimeundwa na kazi za watu.