Je, uyoga wa kichuguu ni mmea?

SWALI: Mvua zikinyesha huku Sumbawanga, uyoga huchipuka kwenye vichuguu. Je, ni mmea? Na mbona hauoteshwi bustanini?

JIBU: Uyoga si mmea bali ni kuvu. Mwaka 1969 mwanabiolojia Robert Whittaker aliwapa kuvu himaya yao wenyewe, na kwa haki kabisa. Hawana umbijani wa kujitengenezea chakula, kuta za seli zao zina kitini kama gamba la panzi, na akiba yao ni glaikojeni, sawa na mnyama.

Uyoga wa kichuguu ni wa jenasi Termitomyces, katika kundi la Basidiomycota. Mchwa hula majani makavu na miti, kisha kinyesi chao hukijenga kuwa sega lenye vishimo. Nyuzi za kuvu hulimeng'enya, nao mchwa hulila. Ukichimbwa polepole badala ya kung'olewa, uyoga huonekana una shina refu linaloshuka mfano wa mzizi hadi kwenye sega. Termitomyces titanicus, uliotambuliwa kisayansi mwaka 1980 katika nchi jirani ya Zambia, kofia yake hukaribia mita moja! Bila mchwa, bustani haiupati.

Vivyo hivyo, uyoga wa miombo, kama Cantharellus, hutegemea mizizi ya miti hai. Msitu ukifyekwa, nao hutoweka.