Dondoo Muhimu: Sanduku la Barua Lisiloyumba

Kwa walioko Marekani, ambako tarishi hutia barua akiwa garini:

• Piga 811 siku chache kabla ya kuchimba, uonyeshwe nyaya na mabomba yaliyofukiwa.

• Chagua nguzo ya inchi 4 kwa 4 iliyotiwa dawa ya kuzuia kuoza. Ifukie isizidi inchi 24, ikae wima kwa timazi, kisha shindilia udongo tabaka kwa tabaka.

• Kata ubao unaoenea kwenye kitako cha sanduku, uukaze juu ya nguzo. Tanguliza keekee nyembamba, ubao usipasuke. Visha sanduku, kaza ubavuni kwa skrubu zisizoshika kutu.

• Kitako kiwe inchi 41 hadi 45 kutoka usawa wa barabara. Mlango, inchi 6 hadi 8 kutoka ukingo wa barabara.